Mtoaji Anatafutwa

Ilikuwako nchi, na nadhani ingaliko ikiwa hawajaiweka rehani tangu asubuhi, ambayo wizara yake kubwa kuliko zote ilikuwa Wizara ya Mapokezi. Jina la nchi msiniulize, nina watoto wanaosoma. Wizara ya Kilimo huko ilikuwa na vyumba viwili na mlinzi mmoja. Wizara ya Afya ilikuwa na chumba kimoja, na siku za mvua ilihamia kwa Kilimo. Lakini Wizara ya Mapokezi ilikuwa na ghorofa tisa, na ndani yake mlikuwa na Idara ya Utepe na Mikasi, Idara ya Majukwaa, na Kitengo cha Makofi ambacho mkuu wake alisomea ng'ambo miaka mitatu.

Msiwacheke. Walikuwa wamepewa vitu kwa miaka sitini, na mtu akipewa kwa miaka sitini lazima ajue kupokea. Walipewa mahindi, vyandarua, madaftari, visima, na wataalamu wa kuwaeleza kwa nini ni maskini. Aliyewapa kuliko wote ni taifa moja la mbali waliloliita Rafiki Mkubwa. Na ili mambo yaende kwa adabu, bunge lao lilipitisha Sheria ya Mapokezi, fupi na tamu: kitu cha msaada hakitafunguliwa, hakitaliwa, hakitamezwa wala kupandwa mpaka kipokewe rasmi. Kupokewa rasmi ni mkono wa mtoaji kushika upande huu, mkono wa Waziri kushika upande ule, kisha wapigwe picha. Bila picha hiyo kitu kile kisheria hakijafika nchini, hata kama umekikalia.

Katika nchi hiyo aliishi mama mmoja, Skolastika Nditi, mtunza ghala la dawa wa Hospitali ya Ng'ambo ya Mto. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini na hajapoteza hata kidonge. Wenzake walimwita Bi. Kufuli, naye jina akalipenda. Aliiamini sheria kama wengine wanavyoamini hirizi, na tusimlaumu mapema, maana sheria yenyewe ilikuwa bado haijamfika mlangoni.

Mumewe, Mwalimu Damiani, ndiye aliyeongoza kwaya ya wilaya iliyoimba kwenye kila mapokezi. Alikwisha kutunga nyimbo mia moja na kumi na nne za shukrani, na ule wa pampu ya maji ulidumu kuliko pampu. Mwaka huo alishikwa na kifua kikuu. Dokta Nuhu, mganga mkuu wa hospitali, alimweleza mbele ya mkewe kwamba dawa ni miezi sita, kila siku, bila kuruka. Mtu akikatiza, ugonjwa unaizoea dawa, na ukishaizoea hausikii tena. Mwalimu alikuwa amemaliza miezi miwili salama. Homa ilikuwa imekwisha, kikohozi kimepungua, na mkewe alimtania kwamba hata suruali zake zimeanza kumtambua.

Shehena mpya ya dawa ililetwa na lori siku ya Jumatatu, maboksi mia nne, kila moja na karatasi ya Rafiki Mkubwa iliyogandishwa juu ya kifuniko. Ghalani zilikuwa zimebaki dawa za siku nne. Waziri wa Mapokezi, Mheshimiwa Fidelis Makombo, alitaka sherehe ifanyike Ijumaa, kwa sababu Kitengo cha Makofi kilihitaji mazoezi. Skolastika alihesabu kwa vidole akaona Ijumaa haiko mbali.

Jumatano Rafiki Mkubwa aliamka vibaya. Kiongozi wao mpya, inasemekana, aliuliza akiwa mezani pesa zinakwenda wapi, akajibiwa zinakwenda mbali. Akasema zisiende. Kabla hajamaliza yai, ofisi za msaada katika nchi arobaini zilikuwa zimefungwa, na mwakilishi wake katika nchi yetu hii, kijana mmoja mpole, alikuwa amepewa mpaka adhuhuri awe ndani ya ndege.

Waziri Makombo alimkimbilia uwanja wa ndege na boksi moja, mpiga picha, na wapiga makofi sita wa dharura. Alimsihi ashike tu, hata kwa kidole. Kijana macho yalikuwa mekundu. Alieleza kwamba mikono yake imesimamishwa kazi. Haruhusiwi kutoa, kukabidhi, wala kuonekana kama mtu anayekabidhi. Waziri akamuuliza kama anaweza kujikwaa kwa bahati mbaya akaliangukia boksi. Kijana alifikiri kwa moyo mweupe kabisa, kisha akasema kuanguka nako kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali ilifungwa saa nne. Akapanda ndege akilia. Boksi likarudishwa ghalani, Skolastika akalihesabu, yakawa mia nne kamili.

Ijumaa dawa za zamani zikaisha. Jumamosi asubuhi Mwalimu Damiani aliweka glasi ya maji mezani kama kawaida, akakaa, akaiangalia, akainywa tupu.

*

Serikali haikulala. Iliunda kamati, na kamati ikaunda kamati ya kuiangalia. Waziri mmoja, ambaye hakudumu, alishauri kwamba kwa kuwa dawa zimo nchini na wagonjwa wamo nchini, basi nchi ijipe yenyewe. Mwanasheria Mkuu alisimama akaeleza kwa uchungu kwamba hakuna mila ya Kiafrika inayomruhusu mtu kujipa kwa mkono wa kulia na kujipokea kwa mkono wa kushoto, na kwamba kupokea kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu hata kwa mtoto. Baraza zima likaona aibu.

Mwingine alisema wakati umefika wa kujitegemea. Jambo hilo liliwagusa wote. Papo hapo likapangwa Kongamano la Taifa la Kujitegemea, la wiki mbili, hotelini, nalo likaahirishwa baada ya kukosekana mfadhili wa kuligharamia.

Mwezi ukaisha. Kila asubuhi wagonjwa walikuja dirishani kwa Skolastika. Walikuwa mia sita na kumi na mmoja kwenye daftari lake, na aliwajua wote kwa majina na kwa kikohozi. Nyuma ya mgongo wake waliyaona maboksi yamepangwa mpaka dari. Alikuwapo Bi. Tausi, muuza maandazi, aliyekuwa akija na mtoto mgongoni na kukaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, halafu anaondoka. Skolastika alimwambia asijisumbue kuja, ataitwa. Bi. Tausi akasema nyumbani anakaa tu vilevile, bora akae karibu na dawa.

Basi Skolastika alijifunga safari mpaka ghorofa ya tisa, na daftari lake kwapani. Waziri Makombo alimpokea vizuri, maana kupokea alikujua. Alisikiliza majina mawili matatu, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Mama," akasema, "nasikia uchungu, tena sana. Lakini unataka nipokee kitu ambacho hakuna aliyekitoa? Huo ni wizi. Nchi yetu ni maskini, ila haiibi."

"Mheshimiwa, mume wangu yumo humu, namba mia mbili na tisa."

"Mwalimu Damiani? Yule wa wimbo wa pampu?" Waziri alisimama kwa heshima. "Mwambie taifa linamwombea. Na mwambie aanze kutunga, siku ya mapokezi tusije tukakosa wimbo."

Wiki hiyohiyo Mwanasheria Mkuu alipata ufumbuzi. Kwa kuwa dawa hazina mtoaji, basi ni mali ya kuokotwa, na mali ya kuokotwa sheria yake inajulikana: polisi watangaze siku tisini. Redio ikaanza kutangaza asubuhi na jioni kwamba aliyepoteza maboksi mia nne ya dawa za kifua kikuu afike kituoni na kitambulisho. Walifika watu thelathini na saba, mmoja wao mpwa wa Waziri. Na ili mwenye mali akija aikute nzima, Koplo Sostenes aliwekwa mlangoni pa ghala na bunduki isiyo na risasi, kwa sababu risasi nazo zilikuwa za msaada.

*

Nyumbani kikohozi kilikuwa kimerudi. Kilirudi polepole, kama mgeni anayejua chumba chake kilipo. Mwalimu aliacha kwanza kupanda kilima, kisha akaacha kwaya, akawa anafundisha akiwa kitandani, akipiga mapigo kwa kijiko. Hakumwomba mkewe afungue ghala hata siku moja. Utani wake ndio uliomwumiza zaidi.

"Mama Agripina," alimwambia siku moja, kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali, "mimi ni mwanamume mwenye bahati. Wenzangu wanalala na wake, mimi nalala na ufunguo wa ghala."

Skolastika hakucheka. Alimjibu kwamba zimebaki siku sitini na tatu, kisha akatoka nje akafua nguo zilizokuwa safi.

Siku ya thelathini na sita ya matangazo Bi. Tausi alikutwa amekaa kwenye benchi lake dirishani, kichwa kimeegemea ukuta, mtoto amelala mgongoni. Walimgusa wakaona amekwisha kupoa. Mtoto alipofunguliwa kanga aliamka akadai andazi. Redio ya Koplo Sostenes ilikuwa ikitangaza kwamba aliyepoteza maboksi mia nne afike na kitambulisho, na Koplo, ambaye mama yake mzazi alikuwa namba hamsini na nne katika daftari, aliinuka akaizima.

Jioni ile Mwalimu alitema damu kwenye beseni. Skolastika aliimwaga, akaosha beseni, akaliosha tena. Alihesabu tangu ile Ijumaa akapata siku sitini na sita. Siku sitini na sita alikuwa ameshika ufunguo akingoja kuambiwa na mtu. Alizichukia siku hizo mojamoja, na zaidi alijichukia yeye.

Kesho yake saa saba mchana, saa ya chakula, ambapo katika nchi ile hata sheria huenda kula, aliingia ghalani na wembe. Hakugusa vifuniko, maana karatasi za Rafiki Mkubwa zilikuwa juu. Alipindua boksi, akalichana kitako, akatoa dawa, akaliziba kwa plasta ya vidonda na kulirudisha mahali pake. Kisha akafungua dirisha la nyuma, ambako watu waliitwa kwa kunong'onezana, wakaja mmojammoja kama wanaokuja kuungama.

Alimwambia Koplo wazi anachokifanya, akamwambia amkamate akitaka. Koplo Sostenes aliangalia barabara.

"Mama, mimi nimeandikiwa kulinda mlango. Dirisha halimo kwenye barua yangu," akasema. "Mama yangu aje leo au kesho?"

Kwa saa tisa za chakula, katika siku tisa, Skolastika aliwapa wote dozi ya miezi yao iliyobaki, wasije wakahitaji kurudi. Walikuwa wamepungua. Kati ya mia sita na kumi na mmoja walikuja mia tano na sabini na wanne. Siku ya tisa ghala lilikuwa limejaa maboksi mia nne, yamepangwa mpaka dari, na ndani yake hamna kitu.

*

Wengi walipata nafuu. Nalisema hili haraka, maana hadithi kama hizi wasikilizaji huzikimbia. Mama yake Koplo alirudi kulima. Lakini wapo arobaini na mmoja ambao kwao dawa ilikuwa kama maji. Dokta Nuhu alipeleka makohozi yao mji mkuu, majibu yakarudi na neno moja: sugu. Ugonjwa ulikuwa umeizoea dawa katika zile siku za kungoja. Mwalimu Damiani alikuwa miongoni mwao.

Skolastika alikaa pembeni ya kitanda akamwambia mumewe kwamba kosa ni lake, angefungua siku ya kwanza.

"Ungefungua siku ya kwanza wangekufunga siku ya pili," Mwalimu akasema. Alikuwa akisema kwa kupumzika kila maneno matatu. "Hao mia tano wangepewa na nani?"

"Sikuolewa na wao. Nimeolewa na wewe."

Mwalimu aliushika mkono wake.

Zilikuwapo dawa nyingine, kali zaidi, za kifua sugu. Dokta Nuhu aliandika barua kwa nchi moja ndogo ya baridi, ambayo haikuwahi kutungiwa wimbo na mtu. Wakajibu ndani ya wiki mbili kwamba wanazo dozi hamsini, wako tayari kuzituma kwa ndege, ila kwa kuwa zinaombwa na wengi watazipeleka mahali ambapo kweli ghala ni tupu. Wakamtaka athibitishe. Dokta aliapa kwa barua kwamba ghala ni tupu. Skolastika alimsomea mumewe majibu hayo mara mbili, na usiku ule Mwalimu alikula.

Wakati huohuo Waziri Makombo alikuwa amempata mtoaji.

Huyu alikuwa Mzee Gustavo, mzungu aliyekuja nchini miaka hamsini iliyopita kutengeneza mashine za barafu, akapoteza pasipoti, akaoa, akasahau kuondoka. Hakutoka kwa Rafiki Mkubwa wala karibu na huko. Lakini rangi yake, Idara ya Itifaki ilitamka, haikuwa na kasoro. Walimvalisha suti na kumwahidi mfuko wa sukari. Jambo ambalo Wizara haikulijua ni kwamba Mzee Gustavo alikuwa namba mia tatu na kumi na saba katika daftari la Skolastika, na dawa alizoitiwa kutoa zilikuwa zimo tumboni mwake.

Skolastika aliposikia hakuwaza sherehe. Aliwaza picha. Picha ya ghala lililojaa itatoka kwenye magazeti yote, na ile nchi ndogo ya baridi inasoma magazeti.

Sherehe ilifanyika siku ya themanini na nane ya matangazo, mbele ya ghala. Jukwaa lilikuwa na vitambaa vya rangi nne. Kwaya iliimba bila mwalimu wake. Waziri alihutubia saa moja na nusu, akasema urafiki wa kweli haukatwi, unapumzika tu, na kwamba wanaosema misaada imekoma ni maadui wasioipendea nchi mema. Kisha boksi likaletwa. Mzee Gustavo alishika upande wake, akamwona Skolastika mstari wa mbele, akamkonyeza kwa huruma. Waziri akashika upande wake, akakaza misuli, akanyanyua.

Boksi liliruka juu kama mto wa kulalia. Kwa kitambo uso wa Waziri ulibaki mtupu kama boksi lenyewe. Lakini hakuwa Waziri wa Mapokezi miaka kumi na minne bure. Alikunja magoti, akauma meno, akalishusha polepole mpaka kifuani kama mtu aliyebebeshwa gunia la saruji, na Mzee Gustavo naye, kwa uungwana, akaguna.

"Uzito wa urafiki huu," Waziri akasema akihema, "nausikia mpaka mgongoni."

Picha ikapigwa. Hapo Skolastika, ambaye hakuwahi kusema hadharani tangu azaliwe, alipanda jukwaani.

"Mheshimiwa, maboksi haya ni matupu. Dawa nilizitoa mimi, nikawapa wagonjwa. Wako watu arobaini na mmoja wanaongoja dawa nyingine, na hazitakuja mkisema ghala limejaa. Nifungeni, lakini msiitoe hiyo picha."

Kisha alichukua boksi la pili, akabandua plasta, akalipindua mbele ya watu wote. Halikudondosha kitu. Waziri alimgeukia mpiga picha akamuuliza kwa sauti ya chini kama alikwisha kupiga. Mpiga picha akasema alikwisha. Waziri akatabasamu, maana kwa Sheria ya Mapokezi picha ikishapigwa shughuli imefungwa, na lolote linalofuata halijatokea. Alimshika Skolastika bega, akawaambia wananchi kwamba mama huyu furaha imemzidi, apewe maji. Mkuu wa Kitengo cha Makofi akainua mkono, na uwanja mzima ukapiga makofi mpaka Skolastika akashindwa kuisikia sauti yake mwenyewe.

Alikwenda moja kwa moja polisi kujisalimisha. Mkuu wa kituo alimpa kiti, akamsikiliza, kisha akamwonyesha gazeti la jioni. Hawezi, akasema, kuandika kesi ya kuibwa kwa kitu ambacho Waziri amekishika. Akamshauri aende akalale.

Barua ya nchi ndogo ya baridi ilikuja baada ya siku kumi, ya heshima sana. Waliipongeza serikali kwa shehena kubwa kama ile, wakasema wamefurahi kuona picha, na kwamba zile dozi hamsini wamezipeleka kwingine kwenye shida zaidi.

Mwalimu Damiani alikufa Alhamisi, saa nne asubuhi, mkewe akimpangusa uso. Alikuwa wa sita kati ya wale arobaini na mmoja. Kesho yake asubuhi, alipokwenda kuuchukua mwili, mlango wa chumba cha maiti ulikuwa na karani, na karani alikuwa na fomu, maana mwili katika nchi ile hautoki bila fomu. Palipoandikwa sababu ya kifo Skolastika alimwambia aandike kukosa dawa. Karani, kijana wa watu asiye na ubaya, alimwonea huruma. Alifungua kabrasha akamwonyesha picha ya Waziri, akaeleza kwamba kukosa dawa hakuwezekani, ghala limejaa. Na kwa kuwa dawa zipo na mgonjwa amekufa, fomu imebakiza nafasi moja tu ya kuweka alama. Pale palikuwa pameandikwa tayari: *mgonjwa alikataa dawa*. Chini yake palihitajika sahihi ya mtunza ghala, kushuhudia kwamba siku ya kifo dawa zilikuwapo.

Skolastika alisema mtunza ghala ni yeye. Karani akasema ndiyo mama, najua, pole sana. Nje watu wa kwaya walikuwa wamekwisha kuja na machela, jua linapanda, na kaburi limechimbwa. Skolastika aliisoma fomu mara mbili, akaomba kalamu.